Pistoni na hedi: nafasi yao hupimwa kabla ya injini kufungwa

Swali: Fundi, habari ya kazi. Mimi natengeneza pikipiki huku Kayole. Nina injini ya 150 ya kijana wa boda. Ilichemka mpaka hedi ikapinda, silinda nayo ilikuwa imeliwa. Tumechonga silinda tukaweka pistoni mpya ya saizi ya 0.50, yaani imezidi ya awali kwa nusu milimita. Hedi na uso wa juu wa silinda vilipelekwa kwa mafundi wa mashine Grogan, Nairobi, vikaskimiwa (kukwanguliwa uso uwe bapa), lakini sikuuliza walitoa kiasi gani. Nimeshafunga. Nikizungusha kwa mkono kuna mahali inakaza kidogo halafu inapita. Mwenzangu ananiambia niweke gasketi mbili za hedi, yaishe. Nitajuaje kama pistoni inagusa, na nitapimaje bila vifaa vya bei?

Jibu: Ndugu yangu, asante kwa kuzungusha kwa mkono kabla ya kupiga kiki. Kwa sasa usiiwashe hata kwa dakika moja. Injini inayogusa kidogo ikizungushwa polepole itagonga kwa nguvu ikipandishwa mizunguko, na valvu ikipinda au kichwa chake kikikatika, injini inaweza kushika ghafla na tairi la nyuma likaganda. Hebu fikiria hilo likimkuta huyo kijana kwenye Thika Road, amebeba abiria na lori liko nyuma yake.

Kwanza tujue ukazo huo unatoka wapi. Toa plagi, kisha zungusha tena kwa spana kwenye nati ya magneti, upande ule injini inakozungukia kawaida. Kama ilikuwa ni hewa inayobanwa, ukazo utaondoka. Upinzani wa hewa ni laini, na ukiushikilia hupungua wenyewe kwa sababu hewa huvuja kwenye ringi. Chuma kikigusa chuma hali ni nyingine: spana inasimama ghafla, mahali palepale, na mkono unasikia mdundo mdogo mkavu. Hapo usilazimishe. Weka alama kwenye magneti, halafu uhesabu. Ukazo ukija kila mzunguko mmoja wa kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), shuku pistoni na hedi. Ukija mara moja kila mizunguko miwili, shuku valvu, kwa sababu kamu, ile shafti inayofungua valvu, huzunguka nusu ya mwendo wa kranki.

Halafu vua hedi uzungushe tena, silinda ikiwa imebanwa chini. Kama bado inakaza, tatizo liko chini ya hedi: labda ringi zilikatwa nafasi ndogo kwenye ncha, labda pini ya pistoni imebana, labda aliyechonga aliacha silinda ndogo kuliko inavyotakiwa. Ringi mpya huwa nzito mwendo mzima wa pistoni, hazikazi mahali pamoja tu. Ukivua hedi na ukazo ukapotea, basi swali lako ni la kweli na tulipime.

Sasa nikueleze kilichotokea Grogan. Tuchukue injini ya 150 ambayo silinda yake ni milimita 56 na mwendo wa pistoni ni 58.8, yaani sisi (sentimita za ujazo) 144.8, kama zile pikipiki za Boxer tunazoziona kila siku. Kila milimita moja ya kimo ndani ya silinda hiyo ni sisi 2.46. Wakikwangua nusu milimita juu ya silinda, umepoteza sisi 1.2 za chumba cha moto. Tuseme kompresheni, yaani mara ngapi mchanganyiko unabanwa, ilikuwa 9.5 kwa 1, chumba kilikuwa na kama sisi 17. Sasa kimebaki na 15.8 hivi, na kompresheni imepanda kupita 10. Hilo lenyewe injini inaweza kulivumilia. Kisichovumilika ni kwamba ile nafasi ya ukingoni, kati ya uso wa pistoni na sehemu bapa ya hedi, kama ilikuwa milimita 1 sasa ni nusu. Na hapo bado hatujahesabu walichotoa kwenye hedi.

Kujua silinda imekatwa kiasi gani si kazi. Tafuta silinda nyingine ya aina hiyohiyo ambayo haijapita mashine, hata iliyokufa, upime kwa venia (kile kipimo chenye taya) kutoka uso wa chini hadi uso wa juu. Tofauti ya silinda hizo mbili ndiyo waliyokukata. Na siku nyingine, fundi, ukipeleka kazi ya kuskimu, mwambie mwenye mashine akuandikie ametoa ngapi. Mafundi wazuri wa mashine hawakasiriki kuulizwa.

Wengi hujiuliza: kama nikizungusha haigusi, si basi? Hapana. Pistoni ikifika juu kabisa, pale tunapoita topu, lazima isimame na kurudi. Katika injini hii kwa mizunguko 8,000 kwa dakika, kusimama huko kunaivuta pistoni kwa nguvu zaidi ya mara 2,600 ya uzito wake. Pistoni ya gramu 150 pamoja na pini na ringi zake inaivuta konrodi kama mzigo wa kilo 400. Konrodi inanyooka kidogo, mafuta kwenye beringi yanabanwa, kranki yenyewe inajikunja kidogo, na pistoni inayumba ndani ya silinda. Vyote hivyo vinakula ile nafasi uliyoipima ikiwa baridi na imetulia. Tena jambo hili ni kali zaidi kwenye topu ya kutoa moshi, kwa sababu pale hakuna hewa iliyobanwa ya kuipokea pistoni. Ndiyo maana kuna injini inayonyamaza kabisa ikiwa inavuta mzigo, halafu ukiachia aksilereta ghafla kwenye mteremko inaanza kugonga.

Kwa hiyo kabla ya kupima chochote, shika konrodi uivute juu na kuisukuma chini ikiwa imenyooka juu ya kranki. Kuchezacheza upande kwa upande kunaruhusiwa kidogo. Kucheza juu na chini hakuruhusiwi hata chembe unayoweza kuisikia kwa mkono. Kama ipo, beringi ya chini ya konrodi imekwisha, na vipimo vyote utakavyopata vitakudanganya. Injini iliyochemka mpaka hedi ikapinda mara nyingi ilikimbia bila mafuta ya kutosha, kwa hiyo hapo usipite haraka.

Vifaa sasa. Nenda Luthuli Avenue kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, ununue waya laini wa solda, mnene kama milimita 2. Ukikosa mnene, sokota mbili nyembamba pamoja. Pitia duka la vifaa vya shule uchukue plastisini. Venia bila shaka unayo. Ongeza fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) na rula ya chuma iliyonyooka sawasawa. Hivyo tu. Torki renchi, spana inayoonyesha nguvu ya kukaza, ukiwa nayo ni vizuri sana, na kama huna, azima; kupima nafasi huku hedi imekazwa ovyo ni kupoteza muda.

Anza na kipimo cha haraka. Funga silinda na gasketi yake ya chini, uibane na nati juu ya vipande vya bomba ili ringi zisiinyanyue. Leta pistoni kwenye topu. Laza rula juu ya silinda ukatishe juu ya pini ya pistoni, uone pistoni iko chini ya uso wa silinda au imechomoza. Ingiza fila. Kama iko chini kwa 0.2 na gasketi ya hedi ikishakazwa ni 0.9, nafasi yako ni 1.1. Kama imechomoza kwa 0.2, unatoa: inabaki 0.7. Hesabu hii inafaa pale hedi ilipo bapa ukingoni na uso wa pistoni ukiwa bapa. Pistoni yenye mgongo katikati haifuati hesabu hii, kwa sababu inaweza kugusa mahali ambapo rula haioni.

Kwa hiyo tunakuja kwenye solda. Kata vipande viwili vifupi, kila kimoja kama sentimita 2. Vishike juu ya pistoni kwa grisi kidogo, kimoja kila upande, kwenye mstari wa pini ya pistoni, ncha zikigusa ukuta wa silinda. Ule mstari wa pini una sababu. Pistoni huyumba mbele na nyuma ikizunguka kwenye pini, hivyo ukiweka solda upande wa inteki (unakoingilia hewa) au wa ekzosi (unakotokea moshi), pistoni itainama na kukupa nafasi kubwa kuliko ya kweli. Kwenye mstari wa pini haiwezi kuinama.

Wakati huohuo tandika plastisini kwenye vile vishimo vya valvu juu ya pistoni, unene wa milimita 4 au 5, na uipake mafuta ya injini juu ili isinate kwenye valvu. Weka gasketi ya hedi ya aina ileile utakayoitumia, lakini iwe ya zamani iliyokwisha kubanwa. Gasketi mpya ibaki kwenye karatasi yake. Funga hedi, kaza nati kwa msalaba na kwa awamu hadi kipimo cha kitabu. Weka cheni ya taimingi (inayozungusha kamu) kwenye alama zake na tensiona yake, ile inayoikaza, iwe imefungwa kabisa, maana cheni ikilegea kamu huchelewa na kipimo cha valvu kinakuwa cha uongo. Rekebisha tapeti (ile nafasi ndogo juu ya shina la valvu) kama kawaida. Kisha zungusha kranki kwa spana mizunguko miwili kamili, polepole, bila plagi.

Mizunguko miwili, si mmoja. Nalisisitiza kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Mtu analeta pistoni kwenye topu ya kompresheni, anaona alama zimelingana, anapima na kuridhika. Lakini kwenye topu ile valvu zote mbili zimefungwa! Hatari iko kwenye topu ya pili, mwisho wa kutoa moshi na mwanzo wa kuvuta hewa, ambapo valvu ya ekzosi haijafunga na ya inteki imeshaanza kufunguka. Pistoni huwa inaikimbiza valvu ya ekzosi kama digrii 10 kabla ya topu, na valvu ya inteki huikimbiza pistoni kama digrii 10 baada yake. Hapo ndipo zinapokaribiana kuliko popote.

Vua hedi taratibu. Solda itakuwa imebanwa ikawa kama utepe, nyembamba zaidi kwenye ncha iliyokuwa ukutani. Ipime hapo kwenye ncha kwa venia, vipande vyote viwili. Vikitofautiana kwa zaidi ya 0.1, ama silinda haijakaa sawa chini, ama hedi ilikazwa upande, au mwenye mashine aliskimu kwa kuinamisha. Kisha chukua wembe mpya, kata plastisini katikati ya alama ya kila valvu, ondoa nusu moja, uone ukuta uliobaki. Utaona umbo la ukingo wa valvu limechorwa wazi. Tafuta mahali pembamba kabisa na uingize mkia wa venia. Angalia pia pembeni, si kwa kwenda chini tu: ukingo wa valvu usiwe karibu na ukuta wa kishimo chake.

Je, ukipata ngapi utulie? Kwa injini ndogo yenye konrodi ya chuma kama hii, mimi nataka kati ya 0.8 na 1.2 kati ya pistoni na hedi. Chini ya 0.8 sifungi injini ya boda, maana hii pikipiki itafanya kazi kutwa, masizi yatajijenga juu ya pistoni, na beringi zitalegea na miezi. Mtu wa mashindano anaweza kushuka zaidi kwa sababu anafungua injini yake kila mara. Wewe unafunga ya mtu wa kulipa mkopo. Na kupita 1.5 pia si salama kama watu wanavyodhani: ile sehemu bapa ya hedi imewekwa ili kuusukuma mchanganyiko wa petroli na hewa kuelekea kwenye plagi, ikiwa mbali sana, mchanganyiko unabaki ukingoni, unaungua kwa kuchelewa, na injini inaweza kuanza kugonga kwa moto (mchanganyiko kulipuka wenyewe) na kuchemka. Kwa valvu, nataka angalau 1.5 upande wa inteki na 2.0 upande wa ekzosi. Ekzosi inapewa zaidi kwa kuwa ni ya moto zaidi na hurefuka, na springi ikichoka ndiyo inayochelewa kurudi huku pistoni ikiifuata.

Sasa hizo gasketi mbili. Usiweke. Gasketi ya hedi imetengenezwa ibanwe kati ya nyuso mbili za chuma. Ukizipanga mbili, uso wa katikati hauna chuma cha kuubana vizuri, zote mbili zinalala kadiri injini inavyopata joto, nati zinalegea, na moto unapata njia ya kutokea pembeni. Mteja atarudi baada ya wiki na hedi iliyochomwa mstari, na safari hii haitaskimika. Nafasi ikiwa ndogo, irudishe kutoka chini ya silinda. Gasketi ya chini huuzwa kwa unene tofauti, na kama upungufu ni mkubwa, mtu wa mashine anaweza kukukatia kipande cha aluminiamu cha 0.5 kinachofuata umbo la gasketi ya chini, kikae na gasketi nyembamba ya karatasi juu na chini yake. Pale chini hakuna moto, kuna mafuta tu, na kunazibika kirahisi. Hakikisha tundu la mafuta limetobolewa mahali pake. Nimeona kipande kizuri kimeua kamu kwa sababu tundu moja lilisahaulika.

Ukiinua au kushusha silinda, taimingi ya kamu inasogea pia. Hedi ikishuka karibu na kranki, kamu inachelewa kidogo: valvu ya inteki inapata nafasi zaidi na ya ekzosi inapungukiwa. Ndiyo sababu nyingine ya kupima tena baada ya kila badiliko, hata kama hesabu kichwani imetoka sawa. Lakini kuchelewa huko ni kudogo ukilinganisha na kuruka jino moja la cheni. Gia ya kamu ikiwa na meno 32, jino moja ni digrii 11 na robo za kamu, yaani 22 na nusu za kranki. Hilo linatosha kukutanisha valvu na pistoni. Kwa maneno mengine, kabla hujamlaumu mtu wa mashine, hakiki alama zako za cheni upya.

Na kuna mshukiwa mwingine ambaye hukumtaja, ndugu: hiyo pistoni mpya. Kwenye rafu za Kirinyaga Road kuna pistoni zinazofanana kwa macho, kipenyo kimoja, pini moja, lakini umbali kutoka tundu la pini hadi juu ya pistoni si mmoja. Chukua ile ya zamani na hii mpya, pima kwa venia kutoka ukingo wa juu wa tundu la pini hadi uso wa juu. Mpya ikizidi kwa 0.5, umeshapata jibu la ukazo wako bila hata kugusa hedi. Linganisha pia vishimo vya valvu: kina chake na upana wake. Kisha hakikisha mshale au herufi IN iliyopigwa juu ya pistoni imeelekea inakotakiwa. Herufi IN hukaa upande wa karabureta, na mshale mara nyingi huelekea upande wa ekzosi, ila fuata kitabu cha injini hiyo. Valvu ya inteki ni kubwa kuliko ya ekzosi, na kishimo chake ni kikubwa. Pistoni ikifungwa kinyume, valvu kubwa inakutana na kishimo kidogo.

Kama nafasi ya pistoni na hedi ni nzuri lakini ya valvu ni ndogo, usijaribu kuitibu kwa kulegeza tapeti. Utapata kelele na valvu zitafunguka pungufu, na pistoni bado iko palepale. Kuchimba vishimo zaidi kwenye pistoni kunawezekana kwa mashine, ila uso wa pistoni una unene wake na ukiupunguza sana utatoboka kwa joto. Kwa kazi ya boda mimi nabadilisha pistoni.

Kama kompresheni imepanda kwa sababu ya kuskimu na mteja huwa anateremka Pwani, mwambie. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, na injini inavuta kidogo kila mara. Injini iliyo kimya Kayole inaweza kuanza kugonga kwa moto ikifika Mombasa na mzigo, kwenye hewa nzito na joto. Hapo ama kompresheni irudishwe chini, ama asiikamue ikiwa kwenye gia kubwa na mizunguko ya chini.

Vipimo vikikaa sawa, safisha kila chembe ya plastisini na solda; kipande kidogo cha solda kikinata kwenye kiti cha valvu hakitafunga. Pitisha kitambaa chenye petroli, kisha puliza hewa. Weka gasketi mpya ya hedi na ya chini, funga kwa torki, zungusha tena mizunguko miwili kwa mkono bila plagi, halafu ndiyo upige kiki. Iache ipate joto, ipoe hadi baridi kabisa, kisha urudie tapeti, maana baada ya joto la kwanza gasketi imekaa chini kidogo na nafasi ya tapeti imebadilika. Nati za hedi fuata kitabu: kama kinataka zikazwe tena, zikaze ikiwa baridi. Namba zako zote, solda mbili na valvu mbili, ziandike pamoja na tarehe, nakala moja umpe huyo kijana aiweke na logbuku, ili fundi mwingine atakayeifungua aanze na kile ulichokipima wewe.